Tangazo la Kamari Kwenye Arobaini ya Mama

Newala, Jumatatu

Bado nina hasira, wala sitaki zipoe.

Jana kwenye arobaini ya mama, ndugu waliomba kusikia sauti yake niliyoirekodi akiwa hai. Nikabonyeza kwenye simu. Badala ya programu ya kusikilizia sauti niliyoichagua mwenyewe, ikafunguka ile iliyokuja na simu. Nimeizima mara nyingi, lakini simu ikijisasisha inairudisha bila kuniuliza. Kabla mama hajatamka neno, likalia tangazo la kamari, muziki na vicheko, mbele ya shehe. Mjomba akanyanyuka, akatoka. Mpaka sasa hajanisemesha.

Leo nimeteremka Masasi, kwenye duka nilikonunua simu hii.

"Mama Zuhura, hiyo programu haiondoki," mwenye duka akasema.

"Mbona wakati wa kuniuzia hukuniambia?"

Akageukia mteja mwingine. Nikavuta kiti, nikakaa mlangoni. Kila aliyeulizia simu ya aina ile nilimsimulia yaliyonipata, na wote waliondoka mikono mitupu. Adhuhuri mwenye duka akaniletea soda.

"Mama, unaniharibia biashara."

"Na mimi nimeharibikiwa arobaini." Soda sikuigusa.

Najua simu hakuitengeneza yeye. Walioitengeneza siwafikii, lakini wanamtegemea yeye awauzie.

Jioni akampigia wakala wake mbele yangu. "Simu zile usiniletee tena," akasema, "hapa hazitoki."

Nimerudi nyumbani na njaa, na furaha ambayo naona aibu hata kuiandika.