Barabara Uliyoniandikia

Jumamosi, 1 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Najua ulivyo saa hizi: umekaa kwenye ukingo wa kitanda unajaribu viatu kwa mara ya tano. Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi. Tangu asubuhi nimefuma masweta manne ya shule kwa mashine hapa karakanani.

Nimecheka peke yangu kama chizi. Ninyi watu sita wa chumba cha kufulia cha hospitali, mliozoea kusimama kwenye mvuke, mtembee siku kumi na sita kuchangisha fedha ili watu wenye ulemavu wapate fimbo nyeupe na viti vya magurudumu! Na Mama Shuka, na magoti yale? Haya.

Umesema utaniandikia kwa nukta nundu, na dereva wa gari la maji litakalowafuata ataniletea barua kila akirudi mjini. Sawa. Lakini sharti ni moja: usinipambie. Macho yangu yalipozimika, nyumba nzima ilinidanganya mwaka mzima kwamba yatarudi. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Ulikuja ukanikalia miguuni ukasema, "Dada, daktari alisema hayarudi." Nililia, lakini tangu siku ile nikitaka kujua kitu kilivyo nakuuliza wewe. Sina mwingine. Niandikie barabara ilivyo, hata ikiwa mbaya.

Dada yako


Jumanne, 4 Juni

Shikamoo dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kuliko ilivyoniacha. Kisigino cha kushoto kinanisema tangu jana. Nimekaa juu ya jiwe kando ya njia, kibao cha kutobolea nukta kiko gotini.

Umesema nisipambe, basi pokea: lami imebomoka. Kulia ni bohari za bati, kushoto shamba lililokwisha vunwa, na mifuko ya plastiki imenasa kwenye ua. Yule mwenzetu wa kupiga pasi, tunayemwita Pasi, anaimba wimbo mmoja tangu tulipoondoka na hajui ubeti wa pili. Mama Shuka ametuacha wote nyuma. Ukimuuliza magoti, anasema ameyaacha nyumbani.

Ila kuna wakati fulani wa mchana, jua likiwa juu kabisa, barabara ya mbele inaonekana imelowa. Tunayafuata yale maji na hatuyafikii, hakuna anayesema neno, na mtu unasahau kwamba una miguu. Nilitamani uwepo.

Mdogo wako


Jumatatu, 10 Juni

Shikamoo dada,

Usininunie kwa ukimya wa siku sita. Vipi vidole? Mimi sina neno, kisigino kimenyamaza.

Jana tulipita mji mmoja wa ajabu. Watu wote walikuwa wameanika. Shuka nyeupe kwenye kila dirisha, kwenye mapaa, hadi kwenye nguzo za taa. Hakukuwa na upepo hata kidogo, lakini zile shuka zilikuwa zinapumua, taratibu, zote pamoja. Tulipita katikati yake kwa kunyata, na Pasi mwenyewe akafunga mdomo. Hatukuona mtu. Tulisikia tu maji yanamiminwa kwenye mabeseni, nyuma ya kuta.

Mji ulipoisha tukakuta mto mpana, maji ya magotini. Tukavua viatu. Nilipofika katikati nikageuka, na shuka zote zilikuwa zimeshika rangi ya chungwa. Sikujua tena kama tunakwenda au tunarudi, na sikujali.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Juni

Shikamoo dada,

U hali gani huko kwenye masweta? Sisi tuko kwenye mlima mpole. Unapanda bila kujua kwamba unapanda, mpaka ugeuke nyuma. Kuna ukungu mwepesi, na sauti za wenzangu zinanifikia kabla yao. Mama Shuka akicheka mbele, mimi nasikia kicheko kinatoka pembeni, kutoka kwenye majani. Nimeokota jiwe, limelowa na ni la baridi, natembea nalo mkononi.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sikuulizi afya kwa mazoea, nakuuliza kweli: umeumia wapi?

Barua yako ya kwanza niliikung'uta vumbi kabla ya kuisoma. Nukta nyingine hazikutokeza, nyingine zilitoboa karatasi, maana uliandikia gotini na umechoka. Hizi mbili hazina hata chembe ya mchanga. Nukta zimesimama moja moja, kibao kilikuwa juu ya meza. Tena zinanuka dawa ya kusafishia vidonda. Nilimbana dereva, akaanza kukohoa. Mtu mzima, kukohoa vile!

Ule mji wa shuka niliwasomea karakana nzima. Fundi wa vifungo aliacha kazi asikilize. Nikalala, nikauota, na nikaona nyeupe. Unanielewa? Miaka ishirini sijaota rangi. Asubuhi nikapitisha vidole tena kwenye karatasi, nikajua.

Nimekasirika, mdogo wangu, na nimeumia. Ungeniandikia kwamba umelala huoni kitu, ningeridhika. Sasa nikikuuliza kama gauni langu lina doa, nitaamini nini?

Dada yako


Jumamosi, 15 Juni

Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kukusalimia lakini nakusalimia.

Siku ya nne mfupa wa kisigino ulipata ufa. Tangu hapo niko chumba cha nyuma cha zahanati moja njiani, mguu una plasta hadi gotini. Kuna meza, umepatia. Kuna dirisha. Nje ya dirisha ni ukuta wa saruji, bomba linalovuja, na kamba yenye shuka moja ya wagonjwa. Basi. Nimeitazama shuka moja siku kumi nzima, na mengine yote nimeyatunga nikiwa chali.

Dereva alitaka kunirudisha nyumbani, nikakataa, nikamwapisha anyamaze. Matembezi haya niliyaanzisha mimi, kwa ajili yako, na nimeshindwa mapema hivyo. Nikaona haya. Nikasema miguu imekataa, basi angalau dada aipate barabara. Sikufikiria ninachokunyang'anya. Nisamehe.

Wenzangu wanafika Jumatatu, wako watano.

Gauni lako la bluu lina doa, karibu na mfuko wa kulia. Lilikuwepo muda mrefu. Sikukwambia kwa sababu unalipenda.

Mdogo wako


Jumatatu, 17 Juni

Mdogo wangu,

Kisigino kinaendeleaje? Changu kina malengelenge mawili.

Usishtuke. Jana nilimwambia dereva kwamba barua hakuna, anibebe mimi. Tulipita nje ya zahanati yako na sikushuka, bado nilikuwa na hasira. Leo asubuhi nikamshika Mama Shuka kiwiko, tukatembea kilomita ishirini na mbili.

Nakuandikia ilivyo. Lami ya huku ina kokoto kubwa, unazihisi kwenye nyayo. Kuna mahali baridi inakuja ghafla halafu inaondoka, nadhani ni miti. Daraja nililijua kwa sababu hatua zetu zilianza kulia chini yetu, kana kwamba kuna watu wengine wanatembea huko. Pasi anaimba vibaya kuliko ulivyosema. Nilianguka mara moja, na hakuna aliyenililia. Pasi alisema, "Inuka dada, unatuchelewesha." Nikampenda hapo hapo.

Mchana jua lilinikaa usoni, wote tukanyamaza. Nilisahau niko wapi. Nilitaka tusifike.

Tumefika. Msimamizi wa matembezi alikuwa na orodha ya watu sita wa chumba cha kufulia, akaita jina moja moja. Akafika kwenye lako. Nikamsikia Mama Shuka anavuta pumzi aanze kueleza.

Nikaitika mimi.

Dada yako