Maji ya Kamere na Meno ya Minayo

Kamere, Naivasha

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute ukitembea, si umelala na lile goti. Baba bado anakohoa asubuhi? Na ng'ombe mweusi ameshazaa? Sisi tuko wazima, ingawa mimi situlii. Nakaa, nasimama, nafua nguo niliyokwisha kufua. Ningekupigia simu, lakini chumba chetu ni kimoja na Baba Ayub husikia kila kitu, nawe simu yako huiweka spika mpaka majirani wananijibu. Ndiyo maana nimeandika. Dada mmoja wa kanisa anakuja Mbale, atakuletea.

Huku kwenye shamba la waridi walinitoa kwenye kufunga maua wakaniweka kwenye matangi ya mbolea. Kazi ni kukoroga. Kuna mbolea nyeupe, ukiimwaga majini tangi linakuwa baridi kama limelala Molo, vidole vinakufa ganzi, na hakuna mtu aliyetia barafu. Asidi nayo hupasha maji moto. Mgongo unaniuma, Mama, sitakuficha. Jioni kuinama kuosha miguu ni shida.

Tukishakoroga tunapima kwa kimashine chenye vyuma viwili kwenye ncha. Kinapitisha umeme mdogo majini. Msimamizi wetu, Madam Chebet, alinieleza kwamba maji matupu karibu hayabebi umeme, ni chumvi iliyoyeyuka ndiyo inayoubeba. Chumvi ikizidi, namba inapanda, na waridi linaungua mizizi.

Hapo nikaanza kuwaza maji tunayokunywa sisi. Meno ya Ayub uliyaona Krismasi. Shuleni wanamwita Strungi, kwa kuwa yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Siku hizi hacheki mbele ya watu. Watoto wengi waliozaliwa huku wako hivyo. Watu husema ni maji ya kisima, halafu wanaendelea kuyanywa.

Basi nikabeba chupa mbili kazini. Madam Chebet akaniona.

"Mama Ayub, leo unatunyweshea waridi chai?"

"Ni maji ya nyumbani, Madam. Haya ni ya bomba, haya nimechemsha."

Akayapima. Yale niliyochemsha namba yake ilikuwa juu kuliko ya bomba. Nikamwambia mashine imeharibika.

"Mashine ni nzima. Ulichemsha mpaka wapi?"

"Mpaka yakabaki nusu. Ndivyo mama alivyonifunza."

"Basi kilichotoka ni mvuke. Chumvi haina mabawa, imebaki kwa sufuria."

Nikamuuliza kama hiyo ndiyo inayochoma meno.

"Mashine hii haijui jina la chumvi, inajua tu ni nyingi. Ya meno inaitwa floraidi, hupimwa maabara. Lakini visima vya huku vinajulikana kwayo, na kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza. Mtoto wako mdogo ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi, ndani ya ufizi. Yakiota yameharibika, hayarudi."

Mama, sikulaumu. Chemchemi yetu hunywewa na ng'ombe, na kuchemsha kulituokoa sote. Huku nami nikachemsha vilevile, kwa bidii, na Ayub alipokuwa mdogo nilizidisha kwa sababu tumbo lake lilikuwa dhaifu.

Nikamwambia Baba Ayub tumlete huyu mdogo, Minayo, kwako, anywe maji ya chemchemi na ya mvua. Alikasirika.

"Mtoto halelewi na meno. Analelewa na mamake."

"Nenda umwambie Ayub hivyo."

"Tutanunua maji yaliyochujwa."

Huwa tunayanunua, Mama, lakini mwisho wa mwezi tunarudi bombani, na uji hupikwa kwa maji ya bomba kila siku. Mvua nayo hapa ni haba, vumbi tu. Tulizozana Jumapili nzima, hata kanisani tukaketi mbalimbali. Aliyemaliza ni Ayub. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa. "Baba, yeye bado hajaharibika. Mpelekeni." Baba Ayub akatoka nje. Aliporudi aliuliza tu kama Minayo ana sweta ya kumtosha.

Nimewaza turudi nyumbani sote. Lakini tukirudi, tutakula nini kwenye kile kipande cha shamba? Basi shule zikifungwa nitamleta mimi mwenyewe. Kama goti halikuruhusu, niambie ukweli, usinionee haya. Maji yake yachemshe, yakishatokota vizuri uyaepue. Usingoje yapungue. Uji anapenda mzito. Analala akishika sikio la mtu, usishtuke.

Nisalimie Baba, kaka yangu mwashi na mkewe, shangazi anayeuza ndizi sokoni, na yule mjomba wa kwaya anayeimba kuliko wote bila kujua wimbo.

Nikishamfikisha nitakaa siku mbili tu, kisha nirudi kwa matangi. Nitakuwa nakuja Krismasi, na Pasaka nikipewa ruhusa. Minayo ni mdogo, atazoea upesi. Akianza kukuita mama, usimkataze.

Mwanao,
Kageha