Maziwa Yaliyomponya Babu Yako

Keza, mjukuu wangu,

Huku Gisenyi tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeuliza kama maziwa ya kuganda yatalisaidia tumbo lililovurugwa na antibiotiki. Mara nyingi husaidia, kwa kuwa yana vijidudu vyema, kama vile ambavyo dawa imevifagia.

Babu yako, kijana wa Goma, alikuja kwetu Cyanzarwe kununua viazi, tumbo likimsumbua hivyo hivyo. Mama akampa ikivuguto, maziwa yetu ya kuganda. Tumbo likatulia, lakini kila asubuhi alivuka mpaka kurudi kwetu.

“Mama, tumbo bado inauma,” alisema, akinitazama mimi.

Mama akamjazia kikombe. “We, tumbo ilishapona. Leta wazee wako.”

Aliwaleta Jumapili, wakamaliza mtungi mzima.

Nakukumbatia,
Bibi yako