Majina Niliyokutumia kwenye Disketi

Bunda,
14 Agosti 1995

Mpendwa wifi Dafroza,

Natumaini wewe, kaka na watoto mnaendelea vizuri hapo Nyasho. Huku tu wazima, ila Gati wangu kikohozi hakijamwacha.

Wifi, hii kompyuta mliyotuletea kutoka makao makuu ya Chama cha Ushirika inanitesa. Nikirudi nyuma kuongeza neno, inameza yaliyo mbele. Jana nilifuta ukurasa mzima wa ripoti ya pamba kwa kidole kimoja. Umeme ukikatika ndiyo basi, naanza upya. Mwenzangu wa uhasibu, Kwangu, ananicheka: "Mama Gati, rudi kwenye taipureta yako, haijawahi kula maneno ya mtu." Wewe umeikalia mwaka mzima. Nisaidie.

Wifi yako,
Wankyo

Musoma,
26 Agosti 1995

Wifi yangu Wankyo,

Barua yako nilimsomea kaka yako, tukacheka hadi machozi. Sisi hatujambo. Gati mpe asali na ndimu.

Sasa sikiliza, maana kile kitabu chao kinaeleza mambo haya kwa kuzunguka mno. Ikianza kumeza maneno, ujue umegusa kitufe cha Insert. Kiguse tena, itaacha. Ukifuta kwa bahati mbaya, usihangaike: bonyeza F1 halafu 1, yanarudi. Maandishi yaliyokolezwa yakikataa kuisha, bonyeza Alt na F3 pamoja, utaona alama zilizojificha, ufute ile inayokusumbua. Na ukibonyeza Shift na F1 utapata mahali pa kuiambia ijiwekee akiba kila dakika tano, hata umeme ukienda hupotezi kazi. Mimi nilikuwaga nayaandika nyuma ya kalenda kila nikigundua moja. Hakuna aliyenifundisha.

Wifi yako akupendaye,
Dafroza

Bunda,
9 Oktoba 1995

Mpendwa wifi,

Habari za huko? Gati amepona, asali imefanya kazi.

Wifi, umeniokoa. Barua nilizokuwa namaliza jioni sasa namaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwangu mwenyewe anakujaga kwa aibu kuuliza, "Ile ya kurudisha maneno ni F ngapi?"

Nina swali moja. Sista Skolastika wa shule ya wasichana kule Butiama anataka mpiga chapa. Taipureta tu, lakini kazi ni ya kudumu na kuna nyumba. Anataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Hapa wanunuzi binafsi wamejaa na pamba haiji tena kwetu kama zamani. Wewe unakaa karibu na wakubwa, unasikia mengi. Nikae au niondoke?

Wifi yako,
Wankyo

Musoma,
27 Oktoba 1995

Wifi Wankyo,

Pole kwa kungoja, kazi zilinizidi. Sote wazima, tunamshukuru Mungu.

Hilo la Butiama ni uamuzi wako. Ila kuacha kompyuta ukarudie taipureta, mimi ningefikiria mara mbili.

Bosi anataka majina ya wafanyakazi wote wa Bunda kwenye disketi: jina, cheo, mwaka wa kuajiriwa. Nadhani ni vitambulisho vipya. Kila kipengele ukimaliza bonyeza F9. Mtu akiisha, Shift na F9, halafu 2. Hapo barua moja inaweza kwenda kwa watu mia, kila mmoja na jina lake, bila kuipiga upya. Utaipenda hiyo.

Wifi yako,
Dafroza

Bunda,
15 Januari 1996

Dafroza,

Salamu. Gati mzima.

Ijumaa tuliitwa uani, kila mtu akapewa bahasha. Watu thelathini na mmoja, barua moja. Kwamba biashara imekuwa huria, kwamba Chama kinasikitika kutuachisha kazi. Yangu ilianza na jina, cheo na mwaka, jinsi nilivyokupangia mwenyewe.

Mzee Felisian, mlinzi, alinifuata na karatasi yake. "Mama Gati, nisomee. Huu mwaka 1986 umetoka wapi? Mimi niliajiriwa 68." Nikakumbuka kidole changu. Miaka kumi na minane ya mzee nimeifuta mimi, na hakuna F1 ya kuirudisha. Basi wote wakajua orodha ilitoka kwangu. Marieta, tuliyekuwa tunakula naye sahani moja, ametema mate mlangoni kwangu.

Chini ya kila barua, kushoto, pale mpiga chapa anapoweka herufi zake, pameandikwa dm, herufi zako. Ulijua lini?

Butiama nilikwenda juzi. Sista ameshamwajiri Hyasinta tangu Novemba.

Wankyo

Musoma,
29 Januari 1996

Wifi yangu,

Sijui hata nikusalimieje.

Nilijua tangu Septemba. Barua ilikuwa imeshachapwa kabla sijakuomba majina. Bosi alisema neno likitoka, na mimi naongezwa kwenye orodha ya wanaoachishwa. Kaka yako hana kazi, unajua. Ningekwambia nenda Butiama, ungeniuliza kwa nini, na mimi kukudanganya sijui. Ndiyo maana nikaandika vile. Najua huko nako ni kukudanganya.

Nitakuja Jumapili, tarehe 11 Februari. Waite watu baada ya ibada, niwaambie mwenyewe kwamba hukujua kitu. Barua hii ukimaliza kuisoma ichome.

Wifi yako,
Dafroza

Bunda,
12 Februari 1996

Dafroza,

Gati anawasalimu mjomba wake na watoto.

Jana walikuja watu ishirini na sita. Mzee Felisian alivaa koti. Basi la kwanza la Musoma likapita, la pili likapita. Ilipofika saa tisa Kwangu akaniuliza, "Mama Gati, huyo wifi yako yupo kweli?"

Nikaitoa barua yako. Niliisoma yote, mpaka hapo unaposema niichome. Mzee Felisian akaomba niirudie taratibu pale pa Septemba. Kisha akanishika mkono akasema, "Wewe ulikosea kidole tu." Marieta aliondoka bila kuniangalia, lakini hakutema.

Barua anayo Kwangu. Alhamisi ya wiki ijayo yeye na wenzake wawili watafika hapo ofisini kudai mwaka wa mzee urekebishwe, na wataiweka mezani kwa bosi wako. Niliwaomba wakate jina lako. Walikataa, na sikuwaomba mara ya pili.

Kaka nitamwandikia barua yake peke yake.

Nakwambia mapema ili upate siku za kujipanga. Sisi hatukupewa hata moja.

Wankyo