Sekunde Moja ya Lukas

Jumatatu, 14 Julai 2025
Hatua ya Lukas imeingia asubuhi. Farasi. Hakuna salamu, hakuna mama umeamkaje. Ndiyo sataranji yetu ya WhatsApp tangu ahamie Lindi — yeye hatua moja kwa siku, mimi moja. Angalau najua mwanangu mzima. Nami nahamisha kete kwenye ubao wa marehemu baba yake, hapa sebuleni. Malkia wa Lukas ni kifuniko cha soda. Yule wa mbao alimtumbukiza chooni alipokuwa mdogo, mtundu yule.

Jumanne, 15 Julai
Nimepakua ile programu ya bure ya sataranji aliyonitajia Lukas wakati wa Pasaka. Wanaisifu, eti nguvu yake ya kucheza ni alama elfu mbili. Kwa muda gani wa kufikiri? Hawasemi! Nikiipa dakika nzima kila hatua, inanichapa vibaya. Nikiipa sekunde moja, mara nyingi naishinda. Simu ile ile, programu ile ile. Mji wote huu wa Masoko sina wa kumwambia. Jirani yangu Ziada kachungulia dirishani — eti Mama Lukas, utaongea na simu mpaka lini, njoo tukune nazi. Sikwenda. Ubishi tu.

Alhamisi, 17 Julai
Heri nisingejaribu. Nimeupanga mchezo wetu kwenye programu. Kwa sekunde moja inacheza hatua za Lukas, zote za wiki hii. Hata ya leo, kumleta malkia kwenye mtego wangu. Kwa dakika moja inauona mtego, inakataa.
Kumbe si yeye ninayecheza naye. Na hata hiyo mashine hakuipa dakika. Sekunde moja, ndiyo fungu langu. Nimelia, basi.

Jumamosi, 19 Julai
Malkia kanasa. Nikimla, Lukas atasalimu amri na mchezo umekwisha. Kesho simu itakaa kimya, nitajuaje kama kaamka? Nimemsogeza askari wa pembeni. Hatua ya kipuuzi kabisa.
Nimebandika chai. Haijachemka, simu imelia. Lukas hajibu siku hiyo hiyo hata siku moja.
Kaandika: Shikamoo mama. Mbona umekiacha kifuniko?
Kifuniko. Programu haijui habari za kifuniko.
Nimeandika marahaba mwanangu. Sijatuma. Nimweleze kwa nini nimekiacha, au nisingizie macho tu, uzee? Chai inamwagikia jikoni huko, naisikia. Anaandika tena —