Mama, Baba Ametoka Chumbani

Mama yangu,

Baba ametoka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitaka kwanza.

Tulipoanua matanga alijifungia chumbani mwenu, dirisha akaliziba kwa gunia. Uji niliompelekea ulirudi umeota utando. Padri alimbembeleza, kaka zake wakambembeleza, wapi. Niliogopa, Mama. Niliona nitazika tena kabla udongo wako haujakauka.

Ndipo nikakumbuka hadithi uliyorudi nayo milimani, ulipokuwa ukimpikia yule Mjapani aliyechunguza sokwe. Mungu wao wa jua, mwanamke, aliudhiwa na kaka yake akajificha pangoni, dunia ikawa giza. Wenzake wakamsihi bure, mpaka mungu mmoja mwanamke akapanda juu ya pipa lililopinduliwa, akacheza ovyo, wengine wakavunjika mbavu, na yule wa jua akachungulia kuona kuna nini. Ulisimulia huku unasonga ugali, na mwisho wako ulikuwa uleule: "Kumbe hata miungu wana watani. Ila katekista msimwambie."

Basi nikamwendea mtani wako, Mama Kalunde. Alijifunga kanga yako, akapindua beseni lako la kufulia mbele ya mlango wa chumba, akapanda na unene wake wote, akaanza kukuigiza unavyomgombeza baba kwa kuingia na matope. Unajua nyumba za kijiji hiki kipya zilivyobanana. Majirani walijaa, wakacheka hadi machozi. Na mimi nilicheka, Mama. Nilikuwa sijacheka tangu uondoke.

Mlango ukafunguka kidogo. Baba, ndevu zimemjaa, akamtazama Mama Kalunde.

"Hakuwa anapiga kelele hivyo," akasema. "Alikuwa anaanza taratibu."

Akaketi kizingitini, akalia mbele ya watu wote. Kisha akaomba ugali.

Katika hadithi, mungu wa jua alipotoka walifunga kamba nyuma yake asirudi pangoni. Nami nikafunga ya katani kwenye mlango wa chumba. Baba akahamishia mkeka wake sebuleni. Jana nilitoka sokoni Kashaulili nikakuta ameifua yeye mwenyewe kanga yako, ameianika kwenye kamba hiyohiyo. Nilisimama pale nikainusa. Ilinuka sabuni tu.

Pumzika sasa, Mama yangu. Nitahakikisha anakula. Na akiingia na matope nitamgombeza, ila nitaanza taratibu.

Mwanao,
Sesilia