Siku Nilipowarusha Ndege wa Baba

Nyumba ya Mwisho,
Barabara ya Hifadhini.
Jumanne, 15 Aprili

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na shemeji, na wale pacha wasiokubali kulala? Uliniandikia kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Nimeshukuru, ila usimvue sweta mapema kwa kudanganywa na jua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikaamua kuiacha ilivyo.

Baridi imepungua na miti ya nyuma imeanza kuchipua. Mume wangu bado anaahidi kuutengeneza mlango wa jikoni kesho, na hiyo kesho yake haijazaliwa. Nimekuwa nikiufunga kwa kamba, kisha narudi kulitazama fundo, kisha narudi tena. Utasema nimekuwa mwoga. Ni kweli, naogopa, na mwandiko huu utanitolea ushahidi.

Ninaogopa kwa ajili ya Baba. Barua iliyopita ulisema natia chumvi, kwamba wazee wote husahau. Nilipokueleza kuwa nimeikuta darubini yake ndani ya kopo la unga, ulicheka, na mimi nilicheka. Lakini mficha maradhi kifo humfichua, kwa hiyo leo nakueleza yote.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuwahesabu ndege wanaopita pwani hii kila baridi inapoisha. Kwa Baba ulikuwa mwaka wa thelathini na moja. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshaketi kwenye kile kibanda cha mbao, yeye na daftari lake, mimi na chupa ya chai. Alikuwa amenyoa ndevu na kuchana nywele kama anayekwenda kuposa. Ukurasa alikuwa ameuandaa vizuri: tarehe, upepo, saa ya maji kujaa. Nilijisemea moyoni kwamba labda Dada hakukosea, natia chumvi.

Sheria yake unaikumbuka. Kibandani mdomo unaachwa mlangoni pamoja na mwavuli. Ukiona kitu unamgusa mwenzako begani, basi. Wewe uliwahi kuumwa na nyigu mle ndani ukanyamaza, na Baba akakusifu mwaka mzima hadi nikatamani nyigu wangu mwenyewe.

Maji yalikuwa yamekupwa na tope limejaa ndege: chekeamwezi, shakwe, na sululu wengi kuliko mwaka jana. Baba alinipa sululu niwahesabu. Baada ya muda akainuka akatoka taratibu. Nikadhani anakwenda kujisaidia, kwa hiyo sikugeuka.

Nilipomwona tena alikuwa ndani ya darubini yangu, Dada. Alikuwa katikati ya tope, ng'ambo ya vigingi vyekundu, pale alipotukataza kukanyaga tangu tukiwa wadogo. Anatembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua bustani yake. Na nyuma yake ule mkondo ulikuwa umeanza kujaa. Unajua maji ya pale hayaji kwa mbele. Yanakuzunguka kwanza, halafu ndiyo unayaona.

Sasa sikia nilichofanya, na usimwambie mtu. Nilinyamaza. Nilinyoosha mkono nimguse bega, na bega lilikuwa mbali kama hatua mia mbili. Mdomo ulikataa kufunguka. Nilijiambia nikipiga kelele ndege wataruka, kazi yake itaharibika, naye hatanisamehe. Nikaendelea kuhesabu. Nilikuwa kwenye sululu wa mia na themanini, na nilifika mia mbili na kumi huku namwona baba yangu akizungukwa na maji. Hao sululu thelathini nawaona kila nikifumba macho.

Kisha nikaita, "Baba!" Sauti niliyotoa sikuijua. Ndege wote waliruka kwa pamoja, tope likabaki tupu, na katikati yake mzee mmoja tu akitazama juu. Hakunitazama mimi. Aliwatazama ndege wakiondoka.

Mlinzi wa hifadhi, yule tunayemwita Bwana Funguo, alinisikia akaja mbio na ubao na kamba. Tulipomfikia maji yalikuwa magotini. Tulimtoa, ila buti moja limebaki kwenye tope hadi leo. Bwana Funguo alimwuliza, "Mzee, ulikuwa unakwenda wapi?" Baba akajibu kwa upole kwamba alikuwa anarudi nyumbani. Nyumba yetu, kama unavyojua, iko upande mwingine kabisa.

Nyumbani alikunywa chai, akala vizuri, akamtania mume wangu kuhusu mlango. Nikaanza kupumua. Nilisema moyoni, limepita hilo, Mungu mkubwa. Nikalichukua daftari ninakili jumla za kupeleka ofisi ya hifadhi, kama ninavyofanya kila mwaka. Sijui aliandika saa ngapi, labda pale kibandani nilipokuwa nakamua soksi zake. Mwandiko ni uleule wake ulionyooka. Nakunakilia neno kwa neno:

"Saa moja na dakika ishirini. Mwanamke mmoja amepiga kelele upande wa kibanda. Ndege wote wameruka. Hesabu imevunjika."

Mwanamke mmoja, Dada.

Sijamwuliza. Kila asubuhi nampelekea chai na swali liko kooni, nami naogopa kuuliza kwa sababu anaweza kunijibu. Ananiita "wewe", nami nimegundua sikumbuki ni lini mara ya mwisho aliniita kwa jina. Huenda ni siku nyingi, na mimi nilikuwa nimekaa kimya, namlindia hesabu yake.

Ufunguo wa kibanda nimeuficha. Buti la pili, lile alilotoka nalo, pia nimelificha. Analitafuta kila siku, na kila siku namsaidia kulitafuta. Njoo, Dada. Usingoje likizo ya watoto. Wewe bado anakutaja, juzi tu alisimulia habari ya nyigu akacheka peke yake. Njoo angali anajua ni nani anayebisha hodi.

Wasalimie shemeji na pacha, na Mjomba Kofia ukimwona, umwambie mguu wa Shangazi umepona na ulimi wake haukuwahi kuugua. Mungu awafunike nyote, na akufungulie njia ya kuja.

Jambo moja la mwisho. Barua zikija, Baba ndiye anayezipokea mlangoni, na husoma bahasha kwa sauti kabla hajanipa. Ukinijibu, usiandike jina langu la shule. Andika lile alilonipa yeye, kwa herufi kubwa. Nitakuwa nimesimama nyuma yake, nasikiliza.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Kinda